Taa ya Upepo wa Breki

Opereta alikutwa bado kwenye kiti, amelalia usukani. Greda lilikuwa limeshuka mteremko wa machimbo ya kokoto na kujibamiza kwenye ukuta wa mawe.

"Uzembe tu, Afande," msimamizi alisema. "Taa ya upepo wa breki ikiwaka, ujue breki hazitashika, unasimama. Yeye kashuka nayo."

"Muongo!" Mjane wa opereta alimrukia. "Taa ikiwaka alikuwa anazima mashine hata mkimtukana. Si ndiyo mkamwita Bibi Harusi, hatoki mpaka kila kitu kikae sawa? Leo mnamzika na jina la mzembe?"

Kaka yake mjane, fundi wa mashine hizo, alimshika bega.

Maiti ilipopelekwa mochwari, Inspekta alipanda kwenye greda. Alishaendesha malori ya polisi miaka mingi. Hakuwasha injini, alizungusha ufunguo kidogo tu. Mashine ikiwa nzima, hapo taa zote huwaka kwanza, ujue ziko hai.

Ya oili ikawaka. Ya betri. Ya joto la maji. Ya upepo wa breki, kimya.

Akafungua dashibodi. Balbu haikupasuka. Ilitolewa.

Akamwita fundi ofisini, akafunga mlango.

"Dashibodi anafungua nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

"Balbu iko wapi?"

Fundi alitazama mikono yake yenye grisi.

"Nimeitoa jana, Afande."

"Ulitaka afe?"

"Haki ya Mungu, sikutaka! Upepo ulikuwa unavuja, nimetafuta tundu mpaka basi. Taa ikiwaka, shemeji anazima, ananiita mbele ya watu. Msimamizi anacheka, eti fundi gani huyu anashindwa na kitaa. Nikasema niizime kidogo, nitafute tundu taratibu bila kuchekwa."

"Yeye ulimwambia?"

Fundi akaanza kulia. "Asubuhi kaniuliza, 'Shem, mbona leo haiwaki kabisa?' Nikamwambia nimeshatengeneza. Akanipa mkono. Akasema, 'Nilijua tu utaiweza.'"

Inspekta akatoa pingu.

"Afande, dada usimwambie ni mimi. Mwambie mashine."

"Anataka kujua mumewe alikosa nini. Utamjibu wewe."

Akafungua mlango. Dada mtu alikuwa amesimama pale nje, kamletea kaka yake maji ya kunywa.