Atupele na Kichwa cha Mama

Atupele alikuwa na miaka mitano. Aliishi Tukuyu, kwenye baridi na mvua nyingi.

Siku moja mvua ilinyesha. Chwa, chwa, chwa. Baba akafungua mlango. Mama amerudi kutoka hospitali!

Atupele akakimbia kumlaki. Ghafla akasimama. Kitambaa cha Mama kilikuwa kimeteleza. Kichwani hapakuwa na unywele hata mmoja.

Atupele akajificha nyuma ya Baba. "Huyu siyo Mama," akanong'ona.

Mama alisikia. Machozi yakamlengalenga. Akaketi mkekani.

"Ni mimi, mwanangu. Sikiliza sauti yangu."

Ilikuwa sauti ile ile. Atupele akasogea. Kidogo. Kidogo tena.

"Nywele zako ziko wapi?"

"Niliugua sana, Atupele. Dawa ilikuwa kali. Ilipambana na ugonjwa, nywele zikadondoka."

"Zitarudi?"

"Zitarudi. Kila unywele una mzizi wake. Mizizi iko chini ya ngozi, inapumzika."

Mama akaimba taratibu:

Polepole, mwanangu. Chini ya ngozi, polepole.

Atupele akaishika mikono ya Mama. Ilikuwa mikavu, imepauka.

"Ngozi hutukinga," Mama akasema. "Huzuia uchafu na vijidudu visiingie mwilini. Lakini nayo imechoka."

Atupele akaleta mafuta ya mgando. Akampaka Mama taratibu. Swaa, swaa, swaa.

Akaziona kucha. Zilikuwa nyeusi!

"Zinauma, Mama?"

"Kidogo. Dawa ilizigeuza rangi. Kucha hulinda ncha za vidole. Kucha mpya huanzia hapa, kwenye shina. Itaisukuma hii nyeusi mpaka iishe."

Polepole, mwanangu. Chini ya ngozi, polepole.

Kila asubuhi Atupele alipapasa kichwa cha Mama. Laini.

Mvua zikapita. Baba akavuna viazi. Atupele akapapasa tena. Bado laini.

"Mama, labda mizizi imekufa."

Mama akamkumbatia. "Hata mimi huogopa," akasema. "Tungoje wote wawili."

Wakangoja.

Asubuhi moja Atupele akapapasa. Kwaru!

Akapapasa tena. Kwaru, kwaru!

"Baba, njoo! Kichwa cha Mama kinakwaruza!"

Baba akaja mbio. Akainama, akatazama. Nywele! Fupi, nyeusi, nyingi!

Mama akagusa kichwa chake. Akacheka. Akalia. Akacheka tena.

"Na kucha?" Atupele akauliza.

Wakatazama pamoja. Kwenye shina la kila kucha palikuwa na rangi mpya, safi, ya waridi.

Jioni, Atupele alilala kifuani kwa Mama.

"Mama, na nywele zangu zinaota sasa hivi?"

"Zinaota. Hata ukiwa usingizini."

"Na kucha?"

"Na kucha."

"Na ngozi?"

"Ngozi nayo hujitengeneza upya. Haya, lala."

Atupele akafumba macho upesi, asizicheleweshe nywele na kucha zake kuota.