Aliyechukuliwa na Bwawa Haliliwi

Picha ya tembo ilikuwa nzuri, ila Taurai hakupaswa kuwamo.

"Huyu si mumeo?" Bibi Ingrid aliuliza, akimsogezea Ratidzo kamera pale kivulini alipokuwa akifua mashuka ya kambi ya watalii. Mgeni huyu alikuwa mzee mwenye huruma. Asubuhi ile alivua kofia yake akamvika Anesu, mtoto wa Ratidzo, yeye mwenyewe akaungua jua.

Ratidzo alifuta povu mikononi, akatazama. Tembo walikuwa wakinywa bwawani nyuma ya kambi, pale Zambezi inapoacha maji yake kiangazi. Nyuma yao alisimama Taurai, maji yakimfika magotini.

"Lakini alikuwa nyuma yangu," Bibi Ingrid alisema. "Alikuwa ananishikia miguu ya kamera."

Picha iliyofuata ilikuwa ya ndege korongo, na Taurai maji yalimfika kiunoni. Iliyofuata, kifuani.

Taurai mwenyewe alipoonyeshwa alicheka. "Kamera imechoka kama mimi."

Kweli alichoka. Kuongoza wageni msimu mzima kulimfanya asinzie na tonge la ugali wa sadza mkononi. Lakini alipovua viatu vyake vikavu, vilinuka tope na magamba ya samaki.

"Baba Anesu," Ratidzo alinong'ona, "ulisema nini bwawani?"

Taurai aliinamisha macho. "Niliona ungo juu ya jiwe, mke wangu. Mpya, mzuri, hauna mwenyewe. Ulimi ukaniponyoka. Nikasema, 'Ajabu! Nani kaacha ungo hapa?'"

Kila mtoto wa bonde lile hufundishwa: bwawani, ukiona chochote, pita na ufunge mdomo. Vyombo vile ni vya njuzu, majini waishio chini ya maji, na anayevishangaa amewaitikia, nao humchukua.

"Wewe! Unayewaonya wageni kila siku!"

"Ndiyo hivyo. Niliwaonya wote, nikajisahau mimi."

Kesho yake mchana, jua likiwa utosini, Taurai alikwenda kuchukua miguu ya kamera iliyosahauliwa ukingoni. Hakurudi. Nyayo zake ziliingia majini taratibu, kama za mtu aliyeitwa kula.

"Ni mamba," mpishi wa kambi alisema.

"Mamba gani asiyepigana na mtu?" alijibu mama mkwe wa Ratidzo, aliyeletwa kutoka kijijini. Kisha aliwageukia wote, sauti chini. "Nisikilizeni. Asilie mtu. Njuzu wakisikia kilio cha nyumbani kwake, watamrudisha maiti. Tukinyamaza, huenda wakamrudisha mzima."

"Na mtoto, mama? Mtoto atanyamazishwaje?" Ratidzo aliuliza.

"Mnyonyeshe kabla hajataka, mwanangu. Hata kama umekauka."

Basi Ratidzo alifua, akapika, akanyonyesha, macho makavu yakimwasha kama yenye mchanga. Bibi Ingrid alipokuja kumpa pole, midomo ikimcheza, Ratidzo alitikisa kichwa tu. Mzungu yule alielewa. Aliuma kitambaa chake cha shingoni, akaketi chini, akaanza kusugua sufuria zenye masizi mpaka kucha zikakatika. Wema ule ulikaribia kumliza Ratidzo kuliko msiba wenyewe.

Mganga alikuja, pombe ya ulezi ikapikwa, na alfajiri ilipopambazuka ngoma zikapigwa ukingoni kuwaomba njuzu wamwachie. Maji yalikuwa yametulia, kisha harufu ya tope ikapanda, ikaingia puani na kooni, na vyura wakanyamaza wote kwa pamoja, na ngoma zikaendelea kupigwa lakini zikasikika kama zinapigwa chini ya maji, na Ratidzo, mtoto akiwa amelala mgongoni, aliona ukungu ukigawanyika na mtu akipanda ukingo polepole, nguo zake zikiwa kavu kabisa.

Alikuwa Taurai.

Ratidzo alimkimbilia. Ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi, lakini alipumua, na moyo ulidunda. Akafungua mdomo alie kilio alichokizuia tangu siku ile.

Taurai aliuziba kwa kiganja.

"Usilie, mama Anesu," alinong'ona. "Hata kwa furaha."

"Si wamekuachia?" aliuliza kati ya vidole vyake.

"Hawajaniachia. Wamenisindikiza. Watakaa nasi nyumbani, wasikilize kama kuna atakayelia."

Ratidzo alitazama nyuma ya bega la mumewe. Mchangani, pembeni ya nyayo zake, nyayo nyingine zenye maji zilikuwa zikijichora moja baada ya moja, wala hapakuwa na mtu.

Na mgongoni mwake Anesu aliamka na njaa, akajinyoosha, akaanza kukunja uso.