Jumamosi za Nyumba ya Pamba

Libérate aligonga mbao za dari kutoka juu, mara tatu kwa mchi, kama alivyofanya kila Jumamosi, kisha akatulia gizani kuwasikiliza wageni wakipiga kelele chini yake. Walipiga kelele nzuri tu. Mwanamke mmoja alimwita Bikira Maria, na mwanamume mmoja akacheka kicheko cha mtu anayetaka kwenda kwake. Walipotulia yakasikika mapigo mengine matatu, na hayo hayakuwa ya Libérate.

Mawili ya haraka. Kimya. Moja.

Yalitoka chini kabisa, chini ya sakafu waliyokalia wageni. Libérate aliukamata mchi kwa mikono miwili asije akagonga nao bila kujua.

“Leo jini iko na nguvu,” Sévère, mwenyeji wa wageni, alisema huko chini kwa sauti ya kanisani. Alidhani ni Libérate aliyegonga.

Nyumba ya Pamba ilisimama juu ya Nyamianda, mtaa wa mji wa Uvira, mahali ziwa linapoonekana lote. Aliishi humo Mbelgiji mmoja aliyekuwa akinunua pamba ya bonde la Ruzizi, na uhuru ulipofika mwaka 1960 alivuka kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, akaacha supu mezani. Aliyeiondoa ile supu ni Libérate, mpishi wake. Miaka minne baadaye waasi waliushika mji, wakakaa nao miezi kadhaa, kisha jeshi la serikali likarudi, na kila aliyeingia aliingia na orodha yake ya watu wa kutafutwa.

Sévère alikuwa karani. Aliwaandikia Wabelgiji, akawaandikia waasi karata za njia, vibali vya kupita, na jeshi liliporudi lilimkuta amekwisha kufunga tai, kalamu mkononi, tayari kuwaandikia na wao. Alikuwa pia parrain wa ndoa ya Libérate, baba yao wa ndoa mbele ya padri, mtu wa kukimbiliwa mambo yakiharibika. Na yaliharibika. Firmin, mume wa Libérate, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa, alikuwa amelazimishwa na waasi kuwavusha kwa mtumbwi wake, na sasa wanajeshi walimtaka.

Libérate alimficha mahali alipopajua yeye peke yake: ndani ya tangi kavu la maji ya mvua, chini ya sakafu ya saluni, sebule kubwa ya Nyumba ya Pamba. Kila jioni alimpelekea ugali, akagonga kifuniko namna wavuvi wa ndagala wanavyogongeana ubavuni mwa mtumbwi wakati wavu umejaa: mawili ya haraka, kimya, moja. Maana yake, vuta, twende nyumbani. Firmin akisikia hivyo alipanda ngazi, akasukuma kifuniko kwa kichwa, akacheka.

Siku ya nne Sévère alikuja nyumbani kwa Libérate, alikokaa na binti yake Sidonie, jasho likimtoka.

“Mama Sidonie, nimepata laissez-passer yake, karatasi ya kuvukia. Niambie kwenye iko, nimuvushe leo hii.”

Akamwambia. Akamwambia na namna ya kugonga, Firmin asije akaogopa.

Asubuhi Sévère alirudi na macho mekundu. Walikuwa wamekamatwa njiani, alisema, lakini Firmin ni mzima, yuko gerezani Bukavu, na yeye kama parrain hatalala mpaka amtoe; tangu hapo Libérate alimpa ndagala za kumpelekea. Mwezi haukuisha, Sévère akapewa ulinzi wa Nyumba ya Pamba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwaga sementi juu ya tangi. Kwa sababu ya mbu, alisema.

Mwaka 1966 akapata wazo la Jumamosi. Alieneza habari kwamba Mbelgiji aliacha jini ndani ya nyumba, na watu wakaanza kuja kuliwinda: walimu, wauzaji wa vitenge, manesi walioshuka kutoka Lemera kutembea. Walilipa mlangoni, wakavua viatu, wakakaa duara sakafuni kengele ya jioni ya parokia inapolia, maana ilibidi yote yaishe kabla ya saa ya kufungiana, jeshi lilipokataza watu kutembea. Sévère alifunika taa kwa ndoo. Kila mmoja aliuliza swali moja. Pigo moja lilikuwa ndiyo, mawili hapana, matatu jini limekasirika. Libérate ndiye aliyekuwa jini. Alikubali kwa sababu Sévère alimwambia kwamba wakubwa wanaokuja pale ndio watakaomfungulia Firmin mlango, na kwa sababu mtu anayengoja hapendi kuuliza sana.

Usiku ule wa mapigo ya chini, wageni walipoondoka, Libérate alishuka kutoka darini.

“Ile ya mwisho haikuwa minye.”

“Weye unasema nini?” Sévère alikuwa akilegeza tai.

“Iko muntu chini ya saluni.”

“Chini iko udongo na sementi. Umechoka, Mama Sidonie. Wende, ulale.”

Lakini alisema hivyo akiwa amesimama ukutani, mbali na katikati ya sakafu, na Libérate alipokumbuka nyuma, aliona kwamba miaka yote miwili hakuwahi kumwona akipita pale katikati.

Jumamosi iliyofuata alifika mapema, jua bado liko juu ya ziwa, kufagia. Hakuna aliyepika ndani ya nyumba ile tangu Mbelgiji, na bado saluni ilinuka ndagala mbichi, ndagala na mafuta ya taa, harufu ya mwanamume anayerudi alfajiri na kutaka maji ya kunawa. Alipiga magoti. Aliweka sikio juu ya sementi, akasikia baridi yake, akasikia moyo wake mwenyewe ukipiga, na chini ya moyo wake akasikia kitu kikipanda, taratibu, ngazi moja, kikipumua, ngazi nyingine, kikipumua, kama mtu aliyelala sana anayeamshwa ghafla na asiyejua bado ni nani anayemwita, mpaka pumzi ile ikafika chini kabisa ya shavu lake, sementi ikapata joto kidogo, kidogo tu, na hapo, palepale chini ya sikio, mawili ya haraka, kimya, na moja.

Mkono wa mume wako utaujua hata ukigonga kutoka kaburini. Libérate aliujua. Alikaa pale akilia kimya, ufagio mapajani, na jambo moja tu likamjia kichwani: kama Firmin yuko hapa, basi hayuko Bukavu.

Bado alitaka kukosea. Sévère alipoingia na ndoo yake alimfuata mpaka barazani.

“Parrain, Firmin anasemaje?”

“Anakusalimia sana. Banamutendea muzuri sasa.”

“Ndagala zilifika?”

“Zote. Amekula na benzake.”

“Na ile shimizi ya kijani niliyomushonea? Ilimufikia?”

“Ilimukaa muzuri kabisa,” Sévère alisema, akitabasamu. “Alivaa siku ile ile.”

Libérate hakuwahi kumshonea mumewe shati la kijani.

Alisema asante. Alipanda darini, akagonga jioni nzima, ndiyo, hapana, ndiyo, huku akimtazama Sévère kupitia ufa wa mbao: mtu aliyewashikia pete zao, aliyembeba Sidonie siku ya ubatizo, aliyekula ndagala za miaka miwili na kuleta salamu za marehemu. Alitaka mambo mawili: sakafu ivunjwe Firmin azikwe, na Firmin mwenyewe amtaje aliyemuuza, mbele ya mtu ambaye Sévère hatamdanganya.

Mtu huyo alikuja Jumamosi ya tatu. Kapiteni Octave wa kambi ya jeshi alikuja na tochi na askari wawili, akavua buti akicheka. Mji mzima ulijua kwamba bado anamtafuta aliyewaandikia waasi karata za njia. Jina la Sévère lingetajwa mbele yake, neno moja tu kutoka chini ya sakafu, na mengine yote yangefuata yenyewe.

Sévère alifunika taa. Alikohoa mara mbili, ishara yao. Dari ikanyamaza. Akakohoa tena, na hapo macho yake yalipozoea giza akamwona Libérate amekaa ndani ya duara, miguu mitupu, kati ya kapiteni na mwalimu Pétronille wa shule ya wasichana.

“Mama Sidonie,” alinong’ona, “unafanya nini hapa?”

“Niko nawinda jini, parrain. Sawa na bote.”

Yakaja. Mawili ya haraka, kimya, moja. Wageni walicheka, kwa kuwa walikuja kusikia hilo. Yakaja tena na baadhi yao hawakucheka. Yakaja mara ya tatu kwa nguvu hata ndoo ikaruka juu ya taa, na harufu ikapanda, ya ndagala kwanza, kisha ya tope, kisha ya kitu ambacho kila aliyekuwa Uvira mwaka ule wa vita alikuwa ameshakinusa kando ya njia na kukipita haraka akitazama pembeni, na Pétronille akaanza kusali kwa meno yaliyogongana, na askari mmoja akatafuta buti zake gizani asizione, na sementi katikati ya duara ikatoa mlio mrefu mwembamba, ikapasuka ufa mmoja kutoka pale katikati mpaka magoti ya Libérate.

Yeye hakuogopa. Hilo ndilo alilolisimulia baadaye kwa uchungu kuliko yote, kwamba katika saluni nzima yeye peke yake hakuogopa, kwa sababu alidhani mume wake amekuja kumsaidia.

“Firmin,” alisema. “Iko minye. Sema mbele ya batu. Nani alikuuza kwa basoda ba jeshi?”

“Nyamaza, mama, nakuomba,” Sévère alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

Ufa ukavuta pumzi. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, si ya hasira, ya kuchoka tu, yenye udongo mdomoni.

“Mama Sidonie.”

Yule askari akaacha kutafuta buti.

“Alikuwa anajua yeye peke yake,” sauti ikasema. “Nikasikia anagonga. Nikapanda.”

Kapiteni aliwasha tochi. Aliuliza Mama Sidonie ni nani, na kila uso ukageuka upande mmoja, na tochi ikazifuata nyuso mpaka ikamfikia.

“Haikuwa minye!” Libérate alijitupa juu ya ufa, mdomo kwenye sementi. “Firmin, ni Sévère njo aligonga! Minye nilimufundisha tu, nilimuambia kwenye uko, nilimuambia namna ya kugonga, nilifikiri...” Akasikia maneno yake mwenyewe yakimshtaki. Kisha akainua kichwa. “Kapiteni, ule aliandikia bapinzani karata. Ni yeye!”

“Kila muntu akikamatwa anataja mwingine,” kapiteni alisema.

Sévère alikuwa amekwisha kupata sauti yake. Alikuja, akapita katikati ya sakafu kwa mara ya kwanza, akapiga goti kando yake, akamwekea mkono begani kama parrain anavyopaswa kufanya.

“Bandugu, mumusamehe huyu mama,” alisema. “Vita ilifanyisha batu mambo mingi.”

Asubuhi askari walivunja sementi. Walikuta mifupa chini ya ngazi, mkanda, na tundu la risasi katika fuvu. Askari wa wakati ule walikuwa wamempiga risasi palepale mdomoni mwa tangi, alipotoa kichwa, wakamsukuma arudi ndani. Ripoti iliandikwa na Sévère, kwa mwandiko wake mzuri. Ndugu za Firmin walikuja kutoka Nyakabere wakaichukua mifupa, wakamchukua na Sidonie, na siku ya mazishi walimsimamisha mtu njiani kumzuia Libérate asikaribie.

Nyumba ya Pamba haijagonga tena. Sévère alijaribu Jumamosi mbili zaidi, akamweka mwanamke mwingine darini, lakini watu waliosikia sauti ile hawakudanganyika na mchi, na nyumba ikafungwa. Nyamianda wanasema jini lilitoka siku ile. Wanalisema kwa kushukuru, wengine hata waliagiza misa.

Ni kweli, lilitoka. Libérate huingia mchana kwa mlango wa jikoni, mji ukiwa kazini, akakaa ukingoni mwa tangi lililo wazi na kusimulia yote tangu mwanzo: waasi, mtumbwi, laissez-passer, ndagala, shimizi ya kijani. Husimulia polepole asisahau kitu. Shimo halinuki chochote, na chini yake hakuna anayepumua. Firmin alingoja miaka miwili ili aseme jina moja, akalisema, akaenda zake, na mke wake hana tena pa kumfuata amwambie kwamba jina hilo silo.