Mkopo Si Jora la Kitambaa

Binti yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule sebuleni, nami nampigia pasi. Mjukuu wangu tunamwita Profesa. Tangu utotoni alikuwa akiuliza maswali mpaka wageni wanatafuta viatu vyao.

Profesa alipata nafasi ya kusoma sayansi ya jamii katika chuo kikuu cha binafsi, mji wa mbali. Tulifurahi siku moja tu. Kesho yake tukasoma ada, na hofu ikaingia ndani.

Kampuni moja ya mikopo ilikubali kulipa yote. Ilitaka dhamana: nyumba yetu.

"Nitasaini Ijumaa," binti yangu alisema.

"Nyumba, mwanangu?"

"Mama, mbona muuza vitambaa hunikopesha kila msimu? Nachukua jora, nashona, nauza, nalipa. Hata likikaa kabatini mwaka mzima, bei ni ile ile. Na huu mkopo ni hivyo hivyo. Atasoma, atapata kazi, tutalipa."

Alisema kama mtu asiye na wasiwasi. Lakini shati alilokuwa akishona lilikuwa na mfuko upande wa ndani. Nikaufumua kimya kimya.

Profesa naye hakugusa chakula. Aliniinamia sikioni. "Bibi, nikikosa kazi, mtakaa wapi?"

Nilimshika mkono tu, na mkono wangu ndio uliokuwa baridi zaidi.

Alhamisi alikuja jirani yetu, Mama Pacha, kuchukua sare za wanawe. Yeye ni afisa wa ustawi wa jamii, na alisomea kozi ile ile. Alikuta sare hazina vifungo. Hakulalamika. Alivuta kigoda, akachukua sindano, akaanza kuvishona mwenyewe.

"Mbona mmenuna hivi? Cherehani imefariki?"

Tukamweleza. Sindano ikasimama.

"Shoga, huo mkopo una riba. Mtoto akiwa darasani, deni linaongezeka. Akiwa amelala, linaongezeka. Umeuliza litafika wapi siku anamaliza?"

"Sijauliza."

"Na mtaanza kulipa lini?"

"Akipata kazi."

"Uliambiwa, au ulijiambia?"

Binti yangu alichukua simu, akaipigia kampuni. Akaongeza sauti tusikie wote. Mtu wa upande wa pili alijibu kwa adabu kabisa. Malipo yanaanza miezi sita baada ya masomo, kazi iwepo isiwepo. Kufikia hapo deni litakuwa limekaribia kuwa mara mbili. Wakishindwa kulipa, nyumba inauzwa.

Tulikuwa tumebakiza siku moja.

Profesa alianza kulia. "Kwa hiyo nisisome?"

"Nani kasema?" Mama Pacha alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Naipenda kazi yangu. Lakini nilikaa miaka miwili bila ajira ya kudumu, na mshahara wa kuanzia ulikuwa mdogo. Usimuulize msomi wa kwenye televisheni analipwa nini. Waulize waliomaliza juzi. Toa kodi, nauli na chakula. Kinachobaki ndicho cha kulipia deni. Kisipotosha, tafuta deni dogo zaidi."

Ijumaa hawakwenda kusaini. Profesa aliwatafuta wahitimu watatu. Mmoja alikuwa akiuza simu dukani. Wawili walikuwa na kazi za utafiti, kwa sababu walijifunza pia takwimu.

Akaomba chuo cha serikali kilicho karibu, ambako angesoma akilala nyumbani. Akaomba mkopo wa serikali, usiodai nyumba, unaokatwa kwenye mshahara mtu akishaajiriwa. Mama yake aliuliza kila sharti, hata kwa maswali yaliyomwonyesha hajui.

Nafasi ya kwanza ikapotea. Jibu la chuo cha serikali lilichelewa. Wiki hizo Profesa alikuwa akiamka macho yamevimba, nami nikiogopa kwamba tumemzibia njia. Kisha jibu likaja: amepata chuo, na mkopo pia.

Alisoma, na takwimu pia. Alipomaliza, alikaa miezi minane bila kazi. Hofu ilirudi. Kila hodi ilipopigwa, binti yangu alisimamisha cherehani, kana kwamba wamekuja kuidai nyumba. Mara zote alikuwa mteja tu, na suruali iliyochanika.

Sasa Profesa ni mtafiti. Anazunguka mitaani akiuliza maswali, safari hii kwa mshahara. Si mkubwa. Siku ya kwanza kulipwa, mama yake alimvizia mlangoni.

"Wamekata?"

"Wamekata, Mama."

"Na kimebaki?"

"Kimebaki cha kula, cha nauli, na hiki chako." Alimpa mkasi mpya.

Hodi ikipigwa, binti yangu bado hushtuka kidogo. Kisha anakumbuka kwamba nyumba haidaiwi na mtu. Anasema, "Karibu," na mguu wake hautoki kwenye cherehani.