Peluzi Mbele ya Nyumba ya Mama Chouchou

— Mama, acha! Usifagie hapo! Njo mbegu ile!

Cadette alikimbia na mikono ya sabuni, akamunyang'anya mama yake, Mama Chouchou, ufagio.

— Mbegu gani? Miye naona majani ya kukauka. Mwanamuke mwenye akili anafagiaka mbele ya nyumba mpaka udongo inang'aa.

— Mama, ni weye ulisema unataka peluzi. Peluzi ni majani!

— Nilisema, ndiyo. Peluzi sawa ile ya mbele ya maofisi, kijani, ya kulala chini sawa blanketi. Sikusema buchafu.

Miye pa kiti yangu nilicheka mpaka kikohozi ikanishika. Bon, musikilize, bajukulu wangu. Mama Chouchou ni bibi, muke, ya mutoto wangu mwanaume, mwenye alikufaka ku Pweto wakati ya vita. Cadette ni mutoto yao, na kwetu nkambo, ni kusema babu, anamwitaka mujukulu wake mwanamuke "bibi yangu". Tulivuka mupaka wa Zambia, tukapita Kenani, tukaletwa hapa mu kambi ya Mantapala na masufuria yetu. Sisi Wakongo hatupendi majani karibu na mulango, juu ya nyoka na juu ya midomo ya batu. Lakini Mama Chouchou aliona video ya ndoa ya Lubumbashi, batu wanacheza juu ya peluzi, na ile kitu ikamuingia mu kichwa sawa malaria.

Mwenye kupanda ni Jairos, muvuvi, Mubemba wa Kashikishi. Wakati ule serikali ilikuwa imefunga ziwa juu samaki wazale, na muvuvi bila ziwa ni sawa jogoo mu mvua. Alianzaka kuya na baiskeli kuuzisha samaki kauka, akamuona Cadette, samaki ikaanza kuwa bei ya chini kwetu tu.

Kisha akakuya muyomba wake, muzee Sampa, na sahani mbili, moja inafunika ingine, na shanga nyeupe mu katikati. Alipiga magoti, akaziweka mbele ya Mama Chouchou, hakusema kitu.

— Aa, mersi baba! — Mama Chouchou alisema. — Kweli Wazambia muko na roho muzuri.

Akamupa chai na muhogo. Kesho yake Jairos akafika, anaangalia chini, anasemea mama kupitia kwangu.

— Nkambo, muulize mama kama kazi iko.

— Kazi iko! — Mama Chouchou akajibu mwenyewe. — Kamata jembe. Nataka peluzi na maua, juu ndoa ya Cadette iko karibu.

Jairos alipokea ile jembe na mikono mbili, machozi ikamulenga. Nilizani vumbi.

Sasa, kupanda peluzi hakujua. Mara ya kwanza alichimba, akapanda, akaenda. Mvua ikapiga ile usiku, maji ikabeba yote. Asubuhi jirani yetu Misozi analalamika:

— Mama Chouchou! Majani yako imekuya kupiga hodi mu choo yangu!

Jairos akaenda kuuliza mutu wa maua wa nyumba moja ya wageni ku Nchelenge. Akarudi, akatoa mawe, akasawazisha udongo, akaiinamisha kidogo ili maji itoke ku nyumba iende ku barabara. Akavuta kamba ya nyavu toka kona mpaka kona, mistari inyooke, akapanda vipande vyenye mizizi, kati ya kimoja na kingine anaacha nafasi ya kiganja. Juu ya kuku, akazungusha nyavu ya zamani. Ikakuwa sawa tunafuga samaki mu lupango, mu kiwanja ya nyumba.

— Usimwagie saa sita, — alimufundisha Cadette. — Jua inapika maji, maji inapika mizizi. Asubuhi, na mangaribi kidogo.

— Na maji ya kuoshea badudu pia? — Cadette akacheka. — Miye nilizani majani ni majani, inajiotea.

— Ya kichaka inajiotea. Ya nyumbani inataka mutu.

Miye nikamutania:

— Jairos, unapandia bibi yangu majani, unazani ni mbuzi?

— Nkambo, bibi yenu nitamulisha samaki.

Cadette akaficha uso mu kitenge. Batoto, walikuwa wanapendana. Hata kipofu angesikia. Lakini Mama Chouchou akitokea tu pa mulango, Jairos anakimbilia nyuma ya nyumba.

— Huyu kijana aliniibia nini? — mama anauliza. — Akiniona anakimbia sawa mbuzi ameona mvua!

Na Octave alikuwa anapiga telefone kila mangaribi toka Lubumbashi. Octave ni mutoto ya batu wa kwetu, fundi wa magari, mutu wa adabu. Famille yake ilishamwona muyomba wa Cadette kule Lubumbashi, mahari ikapokelewa. Kila mutu mu Mantapala alijua, na Jairos pia, tulizani. Cadette hakukubali, hakukatala. Alikuwa anangojea Jairos afungue kinywa.

Majani ilianza kutambaa, kijani. Siku moja Cadette akamukalia karibu.

— Jairos.

— Mm.

— Siku inakaribia.

— Najua. Njo maana natokaka Kashikishi wakati jogoo bado analala.

— Na huna neno?

— Neno gani tena? Si unaona kazi?

— Kazi naona. Nauliza neno.

— Cadette, kwetu mwanaume wa maneno mingi hawamupi bibi.

Akacheka, akarudilia udongo yake. Cadette akaingia mu nyumba. Nilimusikia analia pole pole, sawa mutu hataki kuamusha mutoto.

Ile mangaribi Octave akatuma karatasi ya mwaliko mu telefone, na picha ya maua, na majina yao mbili. Cadette akamutumia Jairos.

"Angalia. Kama uko na neno, sema leo."

Jibu ikachelewa.

"Huyu Octave ni nani?"

"Ni mwenye ananioa. We ulizani unapandia nani peluzi?"

"Nilizani napandia mama mukwe wangu."

Cadette alinisomea ile, akaisoma tena.

Kesho yake Jairos akafika na muzee Sampa. Jairos akaikala nje ya nyavu, mugongo kwetu. Sampa akapiga magoti.

— Mama, sahani zetu ziko wapi?

— Sahani gani?

— Zile nilileta. Moja chini, moja juu, na shanga.

— Aa, zile! Tunakulia mule. Shanga nilimupa mutoto ya Misozi, inamupendeza mingi.

Sampa akashika kichwa.

— Mama, kwetu ile njo kuomba mwanamuke. Ukikatala, unarudisha sahani. Ukibakia nazo, umekubali. Na kijana anapewa jembe, anamulimia mukwe wake. Haongei naye, hamuangalii mu macho, ni heshima. Ulimupa jembe ao hukumupa?

Mama Chouchou akaikala chini, palepale.

— Nilimupa. Lakini baba, kwetu mutu akitaka mutoto, anakuya na famille, anafungua kinywa, anasema! Miye nilizani munatusaidia. Tuko wakimbizi. Batu mingi wanatusaidiaka.

Jairos akasema bila kugeuka:

— Kumbe nilikuwa nasaidia wakimbizi.

Hakuna mwenye alicheka. Cadette akatoka mu nyumba, akasimama katikati ya majani.

— Mama, miye nataka Jairos.

— Jairos gani? Wa majani?

— Mama, yuko hapa, anasikia!

— Asikie! Cadette, mahari ya batu imekwisha kuliwa. Octave amekwisha kutafutia wadogo wako masomo. Miye magoti inanikatala, ku pompe ya maji natambaa sawa mutoto. Unataka nizeekee hapa, nangojea siku watapunguza chakula tena? — Akajisugua magoti. — Lakini ni maisha yako. Kamata telefone. Mwambie hapana mwenyewe. Sitakulaani.

Mama akapiga namba ku telefone yake, akaweka sauti ya inje, akamunyoshea. Tukasikia Octave, na kelele ya garaje nyuma yake.

— Alo, mama? Peluzi imeota?

— Ni miye, — Cadette akasema.

— Aa, Cadette! Sauti yako iko kidogo. Mvua inanyesha uko?

Mbingu ilikuwa wazi kabisa. Cadette akamuangalia mama yake chini pa udongo, akamuangalia Jairos mugongo.

— Inanyesha, — akasema.

— Mujifunike basi. Mwambie mama nimemupatia chumba ya karibu na mulango, juu ya magoti yake.

— Nitamwambia.

Akakata, ile hapana hakuisema. Hakuna mutu alimusukuma, bajukulu wangu, na hiyo njo mubaya. Kama kungekuwa na mutu wa kuchukia, tungepumuzika kidogo.

Sampa akasimama, akapangusa magoti.

— Mama, nisikie muzuri, sitishi mutu. Huyu kijana amemulimia mukwe bila malipo. Kwetu mwanaume akilima namna ile, mwanamuke bado amefungwa na kamba yake. Akienda kuzaa kwa mwengine, tutasema alienda na bwana mu mugongo, na kuzaa inaweza kumukatala. Njia ni moja: umulipe sawa mutu wa pisiweki, kibarua wa siku. Akipokea, alikuwa mutu wa kazi tu. Kamba imekatika.

— Nitamulipa! — Mama Chouchou akasema mbio. — Niko na mufuko ya bunga ya ugali, muzima.

Jairos akapanda baiskeli yake.

— Sitaki bunga, — akasema, akaenda.

Mama Chouchou anasalika kila siku, ni mutu wa kanisa, lakini kutoka pale hakulala. "Mutoto akipata shida ya kuzaa, watasema ni miye." Akamutuma Misozi na ile bunga mpaka Kashikishi. Ikarudi. Akatuma pasta. Pasta naye akarudi na bunga juu ya kichwa, jasho inamutoka.

Siku ya ndoa ikafika. Batu wa Octave walishalala kwa jirani, mahema imefungwa, sufuria inalia. Asubuhi mapema tukamukuta Jairos mu lupango, na ndoo. Anamwagia.

— Yesu wangu! — Mama Chouchou akasema. — Amekuya kuharibu.

— Awe, hapana, mama, — Jairos akamujibu mwenyewe, anaangalia ndoo. — Leo batu watacheza. Majani ya kiu inavunjika.

Mama akaingia, akatoka anavuta ile mufuko ya bunga, akaiweka mbele yake. Jairos akaizunguka, akaendelea kumwagia.

Cadette akatokea na robe nyeupe, nywele nusu imesukwa, nusu bado. Akavua viatu, akaingia mu majani ya maji.

— Jairos, pokea bunga.

— We pia?

— Pokea. Naenda mbali. Sitaki kwenda na kamba.

— Nikipokea, nilikuwa pisiweki. Ile yote ilikuwa pisiweki. Kamba, mistari, maji, yote.

— Najua.

— Ulinipendaka, Cadette?

— Usiniulize hapa.

— Wapi basi? Uko unaenda.

Miye nilitaka kukohoa, nikaimeza.

— Nilikupendaka, — Cadette akasema. — Na leo nakuomba kitu moja, sitakuomba ingine. Niache niende muzima.

Jairos akaweka ndoo chini. Akainua ile mufuko, akaifunga nyuma ya baiskeli na kamba ya nyavu, fundo ya wavuvi, ya kutofunguka. Akapiga makofi pole pole mbele ya Mama Chouchou, vile Wabemba wanashukuruka.

— Natotela, mama. Kama kazi ingine inapatikana, munitumie mutu.

Akasukuma baiskeli mpaka barabara. Hakuipanda, bunga ilikuwa nzito.

Walicheza muzuri sana ile siku. Octave alimubeba mama mukwe wake pa kiti, akamuzungusha, batu wakapiga vigelegele. Walifurahia ile peluzi, wakapiga mapicha, wanauliza nani fundi. Misozi akajibu: "Kijana mumoja wa pisiweki." Cadette alisikia. Alicheka na wengine, meno inje.

Waliondoka wote, miye nikabakia, juu muzee hahamishwi mara mbili. Kisha ziwa ikafunguliwa. Siku moja nikapiga telefone Kashikishi. Nilisikia mashini ya mutumbwi na batu wanabishana bei ya samaki.

— Jairos, mutoto yangu. Ni nkambo.

— Ee mukwai, nkambo. Muko muzima?

— Niko. Nilitaka tu kukuuliza... ile bunga. Ulifanya nayo nini?

— Nilikula, nkambo.

— Ulikula?

— Nyavu zilikuwa bado hazijaingia mu maji. Nilikuwa na njala.