Nyumba Iliyoupa Mji Mgongo

Mtoto wa Zuleica, mke mdogo wa Muzamil, alipandwa na homa baada ya alasiri. Muzamil akamgeukia mke mkubwa.

"Khairiya, nenda kamwite mwenzio kule kwenye nyumba ya Gavana. Mimi nabaki namkanda mtoto."

Khairiya akajitanda kanga, akatoka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ndoa ile, wala hakujaliwa mtoto. Zuleica alikuwa na mitatu tu. Tangu gesi ionekane baharini na wageni wajae Palma, Zuleica alipata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa watu wa kampuni. Jioni alirudi ananukia sabuni ya kizungu, na Muzamil aliacha tonge mkononi ili amtazame akivua viatu. Akivua viatu tu! Khairiya hakukumbuka lini yeye alitazamwa vile. Moyo ulimwaka njia nzima.

Nyumba ile ya mawe, ambamo sasa walikaa wageni wa kampuni, ilisimama juu ya ghuba ya Tungue. Upande wa mji haikuwa na dirisha hata moja. Gavana Vilhegas, aliyeijenga zama za Mreno, alimweka humo mwanamke wa Palma aitwaye Somoe, na ili jicho la mwanamume mwingine lisimfikie, madirisha yote aliyaelekeza uani. Baadaye aliitwa Lisbon akapewa uwaziri. Alifunga milango, akaondoka na funguo. Watu walipokuja kuvunja baada ya miezi, walikuta kitanda kimetandikwa vizuri.

Somoe hakuwemo.

Mlinzi, Abdurremane, alikuwa anatawadha getini kwa ajili ya magharibi.

"Wazungu wamekwenda Pemba, makao makuu ya jimbo," alisema. "Mwenzio yumo. Mwite kutokea hapa, dada. Usiingie."

"Kwa nini?"

"Wewe mwite tu."

Khairiya akaita. Akaita tena. Zuleica hakutokea. Abdurremane alipoelekea kibla na kufunga sala, Khairiya akaingia.

Ndani palikuwa na baridi. Harufu ya pasi ya moto... na juu yake harufu ya sigara nzito, kama mtu amevuta sasa hivi. Alipita sebule, akafuata ukumbi. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi nusu.

Zuleica alisimama mbele ya ukuta mtupu. Kichwa ameinamisha.

"Hakuna, Bwana," alikuwa ananong'ona. "Wallahi hakuna."

Ukuta ukajibu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, Kiswahili chake kimepinda Kireno.

"Nani amekutazama leo?"

"Hakuna aliyenitazama, Bwana."

Khairiya alitaka kukimbia. Kisha akasikia pumzi... karibu. Si ukutani tena. Nyuma ya sikio lake.

"Na wewe uliye mlangoni. Nani humtazama huyu?"

Zuleica aligeuka. Uso ulimsawijika. Akatikisa kichwa kumwomba mwenzake: usiseme, usiseme.

Neno moja lingetosha. Aseme tu, "Sijui." Lakini Khairiya aliuona akilini mkono wa Muzamil umeshika tonge, limesahauliwa.

"Mume wangu," alisema. "Humtazama kila siku."

Pumzi ikakatika.

Mlango ukajibamiza baina yao. Khairiya alitoka mbio, akampita Abdurremane angali anasujudu. Nyumbani alimwambia Muzamil, "Nimeita, sikuitikiwa."

Zuleica alirudi baada ya isha. Hakulaumu mtu. Alimchukua mtoto, akamlaza kifuani, na kabla ya alfajiri homa ilishuka.

Jua lilipokwisha kuchomoza, Muzamil aliamka akaketi kitandani.

"Mbona hamjawasha taa?"

Mwanga ulikuwa umejaa chumba kizima.

Walimpeleka Pemba. Daktari alimulika, akapima, akamulika tena. Macho mazima, alisema. Haoni kwa nini mtu huyu haoni.

Siku saba baadaye Zuleica alifunga mizigo arudi kwao Mocímboa da Praia. Khairiya alisimama mlangoni. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Ulijua?" aliuliza.

"Miezi minane, dada. Kila magharibi ananiuliza, kila magharibi namficha mume wetu." Zuleica hakuinua kichwa. "Niliogopa nikiacha kazi atanifuata huku, amkute."

"Na sasa unaiacha."

"Sasa ameniruhusu. Hanitaki tena."

Uani, Muzamil alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mtungi wa maji. Khairiya akashusha sauti.

"Kwa nini hakutaki?"

Zuleica alikunja gauni dogo la mtoto, akalipanga juu ya mengine.

"Alisema mimi ni mwongo. Anataka mwanamke asemaye kweli. Jana aliniuliza jina lako."

"Ukamwambia?"

Zuleica alifunga furushi la nguo, akambeba mtoto mgongoni. Alipopita mlangoni alimtazama Khairiya usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayemwonea huruma maiti.

Kisha akaenda zake.