Kukui za Bibi Haunani

Bibi Haunani alifariki Jumanne asubuhi, saa ambayo kila siku tulikuwa tukiokota pamoja kukui, kokwa zenye ganda gumu, chini ya mti wetu kijijini Halawa. Siku hiyo niliokota peke yangu. Niliporudi na kapu, majirani walikuwa wamejaa barazani.

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Wajomba walikwenda kuvua. Shangazi Leimomi alinipa kazi ya kutengeneza kukui za kula na samaki mbichi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia Bibi. Alitaka wageni wazionje kama Bibi alivyozipika mwenyewe.

Sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Bibi alikuwa akizichoma na maganda yake, juu ya makaa hafifu, asubuhi nzima. Mimi nilizipasua kwanza, nikamwaga kokwa bila maganda kwenye kikaango na kuchochea moto. Zilitoa mafuta, zikafuka moshi, mara kikaango kizima kikawaka. Nilikifunika kwa mfuniko. Kilipopoa, kokwa zilikuwa mkaa mtupu. Nikazifukia kwenye shamba la majimbi, na Shangazi alipouliza, nikamwambia panya wamezila.

Alinitazama usoni. "Panya wa siku hizi wanaunguza watu nyusi?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alivuta kigoda, akaniketisha.

"Zaidi ya nusu ya kokwa ni mafuta, mwanangu. Wazee wetu walizitunga kwenye kijiti wakaziwasha kama mishumaa. Mafuta yakipata joto kali hugeuka mvuke, na huo mvuke ndio unaoshika moto. Ganda na makaa hafifu huyapunguzia joto. Wewe umewasha mishumaa hamsini kwa mpigo."

Nilicheka huku nalia.

"Kufunika umefanya vizuri. Ungemwagia maji, moto ungekurukia. Kuunguza ni kosa la haraka tu, linasameheka. Lakini ungenificha mpaka Jumamosi, wageni wangekula samaki mtupu. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Ilikuwa Alhamisi. Tuliokota nyingine, tukazitia majini na kutupa mbovu zilizoelea, kama Bibi alivyofanya. Ijumaa tulizichoma na maganda, taratibu, tukazitwanga na chumvi. Jumamosi bakuli lilirudi jikoni tupu.

Siku hizi naokota peke yangu kila asubuhi, na kapu linachelewa kujaa.